Mumiani Haingii Bila Kukaribishwa

Wiki chache zilizopita, katika chumba cha walimu, mwenzangu mmoja ninayemheshimu kwa usomi wake aliniuliza mbele ya watu: “Hivi Daktari, ni kweli umewapa wanafunzi kazi ya kutazama filamu ya wanyonya damu? Riwaya zimekwisha?” Waliokuwapo wakacheka. Nami nikacheka, kwani mtu akitaniwa akiwa na kikombe cha chai mkononi hana namna nyingine. Lakini swali lile lilinifuata hadi nyumbani, na leo nataka kulijibu kwa urefu, kwa sababu ninaona ndani yake kasoro ya wasomi wetu wengi: tunaheshimu riwaya tusizozisoma, na tunadharau hadithi za kutisha ambazo wananchi wenzetu wanaziishi.

Riwaya hazijakwisha. Mwaka 2025 zilitoka mbili ambazo kila mpenzi wa fasihi barani alizisubiri: Theft ya Abdulrazak Gurnah, ya kwanza tangu apewe Tuzo ya Nobel mwaka 2021, na Dream Count ya Chimamanda Ngozi Adichie, aliyekaa zaidi ya miaka kumi bila kutoa riwaya. Nimezisoma zote mbili. Mwaka huohuo ikatoka filamu ya Sinners ya Ryan Coogler, nayo nimeitazama mara mbili. Hukumu yangu ni hii: jambo ambalo riwaya mbili zinalizunguka kwa adabu, filamu imelisema wazi. Mnyonyaji haingii nyumbani mwetu kwa nguvu zake peke yake. Hufunguliwa mlango, na mara nyingi anayeufungua ni mtu mwenye cheti, mshahara na nia njema.

Nianze na filamu, maana ndiyo iliyochekwa.

Mahali ni Clarksdale, jimbo la Mississippi, mwaka 1932. Mapacha wawili, Smoke na Stack, wote wakiigizwa na Michael B. Jordan, wanarudi kwao kutoka Chicago wakiwa na fedha za kutilia shaka. Wananunua kiwanda chakavu cha kupasulia mbao kutoka kwa Mzungu mmoja na kukigeuza ukumbi wa dansi kwa watu weusi wanaoshinda juani katika mashamba ya pamba. Binamu yao Sammie, mtoto wa mchungaji, anapiga gitaa la blues kwa ufundi ambao, kwa muda wa wimbo mmoja, unawakutanisha ukumbini mababu waliokwisha kufa na wajukuu ambao hawajazaliwa. Muziki huo unamvuta Remmick, mnyonya damu mwenye asili ya Ireland. Yeye na kundi lake wanasimama nje usiku, wanaimba, wanatabasamu na kubembeleza. Hawawezi kuvuka kizingiti mpaka wakaribishwe na aliye ndani.

Ukiishia hapo utasema ni hadithi ya watoto. Ninamwomba msomaji atazame mambo matatu.

La kwanza ni fedha. Ukumbi umefurika watu, lakini wengi wanalipa kwa sarafu za shambani, vipande ambavyo mwenye shamba huwapa vibarua badala ya fedha halali na ambavyo nje ya himaya yake havinunui kitu. Biashara imechangamka na sanduku ni tupu. Wale wageni walioko nje wana dhahabu. Ndipo Mary, mwanamke wa karibu na wenye ukumbi, anapotoka kwenda kuzungumza nao. Anarudi akiwa amekwisha kuumwa, na kwa kuwa ni mtu wa nyumbani, anaruhusiwa kuingia. Damu ya kwanza inamwagika kwa sababu ya upungufu wa bajeti. Mtumishi wa umma aliyewahi kukaa katika kikao cha kujadili masharti ya mfadhili atanielewa bila maelezo zaidi.

La pili ni historia ya mnyonyaji mwenyewe. Remmick hakuzaliwa bwana. Watu wake walinyang’anywa ardhi, wakalazimishwa dini ya waliowanyang’anya, na Sammie anapoomba kwa hofu ile sala aliyofundishwa na baba yake, Remmick anaifuatisha neno kwa neno, kwani naye aliletewa sala hiyohiyo na wavamizi. Anazungumza lugha ya udugu. Anaahidi usawa katika nchi isiyokuwa na usawa, na ahadi yake si ya uongo mtupu: anaowauma huwa kitu kimoja naye, kumbukumbu moja, wimbo mmoja. Ila wimbo huo anauongoza yeye. Nani kati yetu hajawahi kumsikia mtawala aliyekuwa mtawaliwa, anayetumia machungu ya babu yake kama leseni ya kuwanyonya wajukuu wa wenzake?

La tatu, nalo ndilo lililoninyima usingizi, ni namna mlango unavyofunguliwa mwishowe. Wa kuufungua ni Grace, mwenye duka mwenye asili ya Kichina, mwanamke mchapakazi na rafiki wa wote waliomo. Remmick ametishia kwenda mjini kumdhuru binti yake, na Grace, kwa hasira na woga wa mama, anapiga ukelele wa kuwaita ndani. Hakuhongwa. Amefanya hivyo kwa ajili ya mtoto. Je, tumesikia mara ngapi maneno haya katika ofisi zetu: “Nina watoto wanasoma, ndugu yangu, nifanyeje?”

Filamu hii ina kasoro zake. Baada ya usiku wa mumiani inatuletea asubuhi ya bunduki, ambapo Smoke peke yake anawamaliza wabaguzi waliopanga kumuua. Watazamaji hushangilia hapo. Mimi nilibaki kimya, kwani naona pale mwongozaji anawalipa watu kisasi ambacho historia haikuwalipa, na kisasi cha kwenye pazia hupoza hasira ambayo ingetafuta kazi ya kufanya. Hata hivyo ninamvulia kofia Coogler kwa jambo moja lililo nje ya hadithi: alikubaliana na kampuni ya filamu kwamba baada ya miaka 25 haki za kazi hii zitarudi mikononi mwake. Msanii anayesimulia habari za nyimbo zinazoporwa alianza kwa kuhakikisha kwamba filamu yake mwenyewe haiporwi.

Sasa nirudi nyumbani. Kwa nini hadithi hii ya Mississippi isiwe ngeni kwetu? Kwa sababu Kiswahili kina neno lake la zamani: mumiani. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inalieleza kuwa ni dawa nyeusi kama gundi, iliyosemekana kuletwa kutoka Uajemi, na inaongeza kwamba wengi waliamini imetokana na damu ya watu waliouawa. Chini ya ukoloni, imani hiyo ilipata sare na magari. Mjini Nairobi na Kampala watu waliogopa wazimamoto, wakiamini kwamba gari lile jekundu linakamata watu usiku ili damu yao ikachukuliwe. Mwanahistoria Luise White alikusanya masimulizi ya aina hiyo na kuyachapisha mwaka 2000 katika kitabu Speaking with Vampires. Hakuyafanyia mzaha. Aliyatumia kama ushahidi wa namna watu walivyoielewa serikali ya kigeni, kazi ya mshahara na hospitali zenye milango iliyofungwa.

Wananchi wale hawakuwa wamesoma uchumi wa kisiasa, lakini walijua kwamba kuna kitu kinatoka miilini mwao na kwenda mahali wasipopaona. Wakakiita damu. Na uhuru ulipopatikana, viongozi wetu walichukua msamiati huohuo. Tazama maneno ya siasa ya Azimio la Arusha na miaka iliyofuata: unyonyaji, mnyonyaji, kupe, kukata mirija. Mwanafunzi anayeyakariri kwa ajili ya mtihani hatambui kwamba anasoma hadithi ya kutisha. Siasa ya ujamaa iliwafikia watu haraka kwa sababu ilizungumza lugha ya hofu waliyokuwa nayo tayari, ikaipa hofu hiyo jina la mfumo badala ya jina la jirani.

Nasikia pingamizi, na ni pingamizi zito: imani za mumiani zimeua watu wasio na hatia. Ni kweli, wala sitaki kuipita kweli hiyo kwa haraka. Oktoba 2016, katika wilaya ya Chamwino mkoani Dodoma, watumishi watatu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, waliuawa na wanakijiji walioamini kwamba ni wanyonya damu. Walikuwa kazini. Walikwenda kwa ajili ya utafiti wa udongo, jambo ambalo lingemfaa mkulima yuleyule aliyeshika rungu. Mwaka uliofuata, kusini mwa Malawi, uvumi wa namna hiyo ulisababisha tena mauaji. Kila ninapofundisha habari hizi, nawakumbuka watatu wale wa Chamwino, na nawaomba wanafunzi wanyamaze kidogo.

Lakini tunajifunza nini kutokana na msiba huo? Mwenzangu wa chumba cha walimu atasema: tupige vita ushirikina. Sawa, tuupige, na wauaji waadhibiwe. Ila tujiulize pia kwa nini mtu wa kijijini akiona gari la serikali anafikiri kwanza kwamba limekuja kuchukua. Nani aliyemfundisha hivyo? Ni miaka mingapi ya kupimiwa ardhi asirudishiwe majibu, kuchangishwa asione jengo, kuhojiwa asisomewe ripoti? Hofu yake ilikuwa na historia; shabaha yake ndiyo iliyokosea, na ikaua ndugu zake. Kazi ya sanaa nzuri ya kutisha ni kuichukua hofu hiyo na kuielekeza panapostahili. Jamii inayodharau kazi hiyo huiacha hofu itangetange barabarani ikiwa na rungu mkononi.

Kwa macho hayo ndiyo nimeisoma Theft. Ni riwaya tulivu, isiyo na zimwi hata mmoja. Badar, kijana maskini, anapelekwa Dar es Salaam kuwa mtumishi wa nyumbani. Anasingiziwa wizi na mzee wa nyumba ile. Anaokolewa na Karim, kijana msomi, mtoto wa mwenye nyumba, anayempeleka Zanzibar na kumtafutia kazi katika hoteli. Karim ndiye anayepaa: ana elimu, ana kazi serikalini, ana mke mwema aitwaye Fauzia, na wakubwa wanamtazama kwa matumaini. Kisha anatokea mgeni wa kike kutoka Ulaya, aliyekuja kujitolea kwa muda, na Karim anaacha kila kitu kwa ajili yake.

Wahakiki wengi wamekwama kwa mgeni huyo, wakasema riwaya inashutumu utalii. Inaushutumu, ni kweli. Lakini mgeni yule si mumiani wa riwaya hii. Amepita kama wapitavyo wageni, akaondoka. Aliyenyonya ni Karim. Alinyonya subira ya Fauzia na shukrani za Badar, akaugeuza wema alioutenda kuwa deni lisilolipika. Gurnah ametuonyesha msomi wetu wa miaka ya mageuzi ya uchumi jinsi alivyo: mchangamfu, mwenye msaada, anayeamini kwamba kwa kuwa alimwokoa mtu mara moja, mtu huyo ni mali yake. Anayeitwa mwizi tangu ukurasa wa mapema hakuiba kitu. Anayesifiwa na kila mtu ndiye mwizi.

Malalamiko yangu kwa Gurnah ni mawili. La kwanza ni la ndani ya kitabu: amemtunza mno Badar. Kijana aliyedhulumiwa kiasi kile hana hasira ya kutosha, na mwisho wake unafika kwa utulivu kama mvua za vuli. Ningependa kumsikia akipaza sauti walau mara moja. La pili si kosa lake peke yake: kitabu kinachotuhusu kwa kiwango hiki kimeandikwa kwa Kiingereza. Paradise kilichapishwa mwaka 1994, na tafsiri yake ya Kiswahili, Peponi, kazi nzuri ya Ida Hadjivayanis, haikutufikia ila baada ya Nobel. Tulimshangilia Gurnah kwa bendera na hotuba kabla hatujaweza kumsoma kwa lugha ya mama yake. Huko nako ni kunyonya: kujipatia fahari kutokana na kazi ya mtu bila kugharamia wino wake.

Dream Count ni kubwa zaidi na, kwa maoni yangu, haina uwiano. Ina wanawake wanne. Wawili wa kwanza, Chiamaka na Zikora, wanazungumza vizuri kuhusu wanaume wabaya na mapenzi yaliyoshindikana, na nakiri kwamba kurasa nyingi zilinichosha. Lakini wawili wengine wanatosha kumfanya mtu anunue kitabu. Kadiatou, mhamiaji kutoka Guinea anayefanya usafi hotelini Marekani, anadhulumiwa na mgeni mwenye cheo kikubwa. Adichie ameeleza mwenyewe kwamba alimfinyanga mhusika huyu kutokana na kesi ya New York ya mwaka 2011, ambapo mfanyakazi wa hoteli alimtuhumu aliyekuwa mkuu wa Shirika la Fedha la Kimataifa. Mashtaka ya jinai yakafutwa kabla ya kusikilizwa. Kinachotisha katika kurasa hizi ni namna taasisi zilizoahidi kumlinda Kadiatou zinavyoanza kumchunguza yeye badala ya mtuhumiwa. Mlango anaoutegemea unafunguliwa kutoka ndani.

Mwingine ni Omelogor, mtaalamu wa benki mjini Abuja. Anawasaidia wakubwa kusafisha fedha za umma walizoiba, kisha kwa siri anachota sehemu yake na kuwagawia wanawake wa vijijini wawe na mitaji. Adichie anampenda sana, na mapenzi hayo yanamzuia kumuuliza swali gumu. Ikiwa milioni kumi zimepita mezani pako kwenda kwa jambazi na wewe umerudisha elfu kumi kwa mjane, umekuwa mkombozi au umekuwa sehemu ya mashine inayoitoa damu na kuirudisha kwa kijiko? Filamu ya kutisha isingeogopa kuuliza. Riwaya ya heshima iliona haya.

Mtu asidhani ninaupa ugeni sifa ambazo ni zetu. Mwaka 2001 Said Ahmed Mohamed alichapisha Babu Alipofufuka, riwaya ambayo ndani yake mkubwa mmoja serikalini, aitwaye K, anajiwa na babu yake aliyekufa na kutembezwa ili aone alichoifanyia nchi. Mzuka anamkagua mtumishi wa serikali: wapi duniani kuna wazo bora kuliko hilo? Na mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mussa Banzi alituletea Nsyuka na Shumileta, filamu zilizotazamwa na umma wakati sisi wenye shahada tukizikejeli kwa ubovu wa picha na sauti. Ubovu huo ulikuwapo. Lakini nyuma yake kulikuwa na wasanii waliojua watu wao wanaogopa nini. Tungewakosoa kwa upendo na kuwapigania wapate mitaji, huenda leo tungekuwa na Coogler wetu.

Februari 1991, Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Zanzibar na kuyalegeza masharti ya uongozi yaliyowekwa na Azimio la Arusha, yaliyomkataza kiongozi kumiliki hisa, kupangisha nyumba au kupokea mishahara miwili. Hapakuwa na jeshi la kigeni mlangoni siku hiyo. Kulikuwa na sanduku tupu, kama la ukumbi wa Smoke na Stack, na kulikuwa na watu wenye watoto wanaosoma. Sisemi kwamba kila kilichofuata kilikuwa kibaya. Ninasema kwamba komeo liliondolewa kutoka ndani, na watu wetu wenyewe wakaliondoa.

Nisijifanye mtakatifu. Miaka kadhaa iliyopita niliwekwa katika jopo la kutathmini mradi mmoja, nikatia saini ripoti iliyosema wananchi “wameshirikishwa kikamilifu”. Tuliwashirikisha kwa saa mbili, na sehemu ya muda huo ilikuwa chakula. Mzee mmoja aliuliza mpaka wa shamba lake utaishia wapi. Mwenyekiti akamwambia swali lake limepokelewa. Mimi nililiandika katika daftari, na daftari hilo ninalo hadi leo. Katika ripoti halimo. Posho ililipwa, nami wakati ule nilikuwa na ada ya shule ya kulipa. Kwa hiyo nilipomwona Grace akipiga ukelele wa kuwaita wale walio nje, sikumlaani. Nilimtambua.

Ndiyo sababu nimewapa wanafunzi filamu ya wanyonya damu, tena wataisoma pamoja na Gurnah na Said Ahmed Mohamed, na katika mtihani wataulizwa swali moja: katika kila kazi, ni nani aliyefungua mlango, na aliogopa nini? Wanaharakati nao nawaomba walichukue swali hilo. Tumezoea kuwanyooshea kidole walio nje, makampuni, wafadhili, mabeberu, na wanastahili kunyooshewa. Lakini wahenga wetu walikwisha kutuambia kuwa kikulacho ki nguoni mwako.

Na wewe mtumishi mwenzangu unayesoma haya ukiwa na jalada mezani linalongoja saini: lisome mpaka mwisho, pamoja na viambatisho. Tafuta swali la yule mzee. Kama halimo, lirudishe jalada kwa waliolileta.

Mwenzangu wa chumba cha walimu nimemwazima filamu. Ameahidi kuitazama, mchana.